Je, ni kweli maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi? Karibuni tujadili kwa hoja

#1 Mkaa Jikoni

Habari za jioni, wanajukwaa.

Shangazi yangu anauza barafu za ukwaju na za ubuyu hapa Morogoro, na kwa miaka yote niliyokaa naye sijamwona akiweka juisi ya baridi kwenye friza. Anachemsha ukwaju, anachuja, anatia sukari, kisha anamimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki ikiwa bado inachoma kidogo ukishika kikombe, na kuvipanga chini kabisa ya friza. Nilipomshauri asubiri ipoe, alinijibu kwamba ya moto inawahi kuganda na ya baridi inazubaa.

Juzi nilijaribu mwenyewe. Nilichukua vikombe viwili vya chuma vinavyofanana, nikatia robo lita ya maji ya bomba kimoja, na robo lita ya maji yaliyotoka kuchemka kingine, nikaviweka ubavu kwa ubavu saa mbili usiku. Saa tatu na nusu nilipofungua, kikombe cha maji ya bomba kilikuwa na utando mwembamba pembeni tu, kidole kikapita katikati bila kizuizi. Kile cha maji ya moto kilikuwa kimefunikwa na barafu juu na pande zote, unene wa sarafu.

Naomba wenye ujuzi wanieleze: jambo hili ni la kweli, au nimekosea mahali fulani? Na kama ni la kweli, sababu yake ni ipi?

#2 Sauti ya Pwani

Ndugu, hilo haliwezekani, na sababu haihitaji maabara. Maji ya nyuzi 90 hayawezi kufika nyuzi 0 bila kupita nyuzi 25. Yakishafika nyuzi 25, yamekuwa sawa na yale ya bomba yalivyokuwa mwanzo, na wakati huo ya bomba yameshatangulia mbele. Mtu anayeanza safari Chalinze hawezi kufika Dar es Salaam kabla ya aliyeanzia Kibaha, ikiwa wote wako kwenye barabara moja na gari za aina moja. Angalia vikombe vyako upya; huenda kimoja kilikaa karibu zaidi na ukuta wa friza.

#3 Kalamu Nyeusi

Mkuu Sauti ya Pwani, usikimbilie kukataa. Jambo hili lina jina linalojulikana duniani kote: athari ya Mpemba. Liligunduliwa mwaka 1969 na kijana wa Kitanzania kutoka kisiwa cha Pemba, na ndiyo maana likaitwa hivyo. Inasikitisha kwamba wanafunzi wa fizikia wa Ulaya wanalisoma jina hilo ilhali sisi tunaulizana kama ni kweli.

#4 Mshambaa Halisi

Namrekebisha Kalamu Nyeusi kwa heshima, kwa sababu historia hii inatugusa sisi watu wa Lushoto na ningependa isimuliwe sawasawa.

Kwanza, Mpemba ni jina lake, wala halimaanishi kwamba alitoka Pemba. Aliitwa Erasto Mpemba. Pili, mwaka 1969 ni mwaka wa kuchapishwa kwa makala. Tukio lenyewe lilitokea mwaka 1963, alipokuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Na kwa kuwa tumeamua kuwa makini, mwaka huo nchi ilikuwa bado inaitwa Tanganyika. Muungano ulikuja Aprili 1964.

Wavulana wa shule ile walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Trei zilikuwa chache na wanaozitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alikuwa anachemsha maziwa yake, mwenzake mmoja akamwona, akaogopa kukosa nafasi. Akachanganya maziwa yake mabichi na sukari, akayamimina kwenye trei bila kuyachemsha. Mpemba akaona kwamba akisubiri yake yapoe atakosa trei ya mwisho, akaamua kuyaweka yakiwa ya moto ingawa alijua yanaweza kuharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi pamoja. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezi kutokea. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, aliuliza tena walipokuwa wakisoma kanuni ya Newton ya kupoa. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu mzima. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, darasa lilisema hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Ninapofika hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma kwa utulivu. Mtoto ameona kitu kwa macho yake, na jibu analopewa ni jina lake mwenyewe kugeuzwa kuwa neno la makosa.

#5 Kalamu Nyeusi

Nimepokea marekebisho, Mshambaa, na nashukuru. Nilichukulia jina kama kabila. Tumalizie: ilikuwaje hadi makala ikachapishwa?

#6 Mshambaa Halisi

Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye ujazo sawa wa maji, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walimcheka. Osborne akamtaka arudie swali, akamuuliza kama amefanya jaribio hilo mwenyewe, akaahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimkabidhi fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Waliporudia, jibu likabaki lile lile. Mpemba na Osborne wakaandika makala pamoja, ikatoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Mwaka huo huo mtafiti wa Kanada aitwaye Kell alichapisha makala yake kuhusu jambo hilo hilo, bila kujua habari za hawa wawili. Mpemba mwenyewe baadaye alisomea Chuo cha Wanyamapori Mweka na akafanya kazi katika mambo ya wanyamapori. Hakuwa mwanafizikia kwa kazi.

#7 Binti wa Ras Kazone

Mshambaa ameeleza vizuri, lakini ameruka kipande kinachotuhusu sisi wa Tanga. Katika maelezo yake mwenyewe, Mpemba anasema kwamba wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu Tanga mjini, na huyo akamwambia kwamba huwa anatumia maziwa ya moto ili yagande upesi. Hata wauzaji wengine walikuwa wakifanya hivyo. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo mitaani, kwenye mikokoteni na majokofu ya wauza aiskrimu, kabla haujafika maabara yoyote. Mpemba alichofanya wenzake wasichofanya ni kuuliza kwa nini, na kukataa kunyamaza.

Shangazi yake Mkaa Jikoni yuko kwenye ukoo huo huo wa ujuzi. Mpe salamu zetu.

#8 Mwalimu wa Kidato

Nafundisha fizikia, na swali hili huulizwa kila mwaka. Nianze na hoja ya Sauti ya Pwani (#2), kwa sababu ni hoja nzuri na wengi hukwama hapo.

Mfano wake wa Chalinze na Kibaha ungekuwa kamili kama maji yangekuwa na sifa moja tu, yaani halijoto. Lakini maji yaliyofika nyuzi 25 yakitokea nyuzi 90 si lazima yawe sawa na maji yaliyokuwa nyuzi 25 tangu mwanzo. Yanaweza kuwa machache zaidi, kwa sababu mengine yamepaa kama mvuke. Yanaweza kuwa na hewa kidogo ndani yake. Yanaweza kuwa yanazunguka ndani ya chombo, ya juu yakiwa moto kuliko ya chini. Hata chombo chenyewe kinaweza kuwa kimeshika friza kwa namna tofauti. Aliyeanzia Chalinze amefika Kibaha akiwa ameshusha nusu ya mzigo na gari lina kasi. Aliyeanzia Kibaha ndiyo kwanza anawasha injini.

Kuhusu mvuke, tazameni hesabu. Kupoza kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 100 hadi 0 ni kuondoa takriban kilojuli 420 za joto. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke huchukua zaidi ya kilojuli 2,200. Kugandisha kilo 1 iliyokwisha kufika nyuzi 0 ni kuondoa kilojuli 334. Maana yake, kila gramu 1 inayotoka kama mvuke huondoka na joto ambalo lingetosha kugandisha karibu gramu 7. Maji ya moto yaliyo wazi juu hutoa mvuke mwingi, hivyo hupoa kwa kasi, na yanayobaki kugandishwa ni machache. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu kuu.

#9 Fundi Majokofu

Mwalimu, nakuheshimu, ila sababu kuu iko chini ya kikombe, wala haiko juu yake. Nimetengeneza majokofu kwa zaidi ya miaka 20 na ninachosema nimekiona kwa macho.

Friza iliyotumika muda mrefu huota barafu nyeupe sakafuni na kwenye kuta. Barafu hiyo ni kama pamba. Imejaa hewa ndani, na inazuia baridi ya bomba za chini isifike kwenye chombo. Ukiweka kikombe cha baridi juu yake, kinakaa juu ya godoro. Ukiweka cha moto, kinayeyusha lile godoro, kinazama mpaka kinagusa bati lenyewe, na yale maji yaliyoyeyuka yanaganda tena yakakishika kwa nguvu. Sasa baridi inaingia moja kwa moja. Anayebisha ajaribu kunyanyua kikombe kilichowekwa cha moto: hakitoki. Nimepokea friza nyingi zilizotobolewa bomba za gesi kwa sababu mwenye nyumba alitaka kubandua chombo kwa kisu.

Mkaa Jikoni, nikuulize: friza ya shangazi ina barafu nyeupe sakafuni? Na kile kikombe cha maji ya moto ulikibandua kwa urahisi?

#10 Mkaa Jikoni

Fundi, ni kama ulikuwepo. Sakafu ina barafu nyeupe ya unene wa kidole, na kikombe nilikitoa kwa kumwagia maji ya uvuguvugu pembeni.

#11 Mwalimu wa Kidato

Maelezo ya Fundi ni ya kweli kwa friza ya aina hiyo, na nakiri kwamba vitabuni hayapewi uzito unaostahili. Hata hivyo hayatoshi. Osborne aliviweka vyombo vyake juu ya foami, ili chini pasipitishe joto, na bado maji ya moto yakatangulia. Kilichochelewa kuliko vyote katika vipimo vyake kilikuwa chombo kilichoanza karibu nyuzi 25, yaani maji ya kawaida ya bomba letu.

Nikiwa mkweli, alijaribu pia jambo linalonibana mimi. Alimwaga mafuta kidogo juu ya maji ili kuzuia mvuke, na kupoa kukachelewa sana. Hapo niko sawa. Lakini aliona pia kwamba upungufu wa maji kwa njia ya mvuke haukutosha peke yake kueleza tofauti aliyoipata. Alielekeza macho kwenye mzunguko: katika chombo kilichoanza na moto, maji ya juu hubaki na joto kuliko ya chini, na joto hutoka kwa kasi kupitia uso wa juu.

#12 Msomaji wa Usiku

Naomba tupunguze mwendo kidogo. Mnashindana kueleza sababu za jambo ambalo lenyewe halijathibitishwa vya kutosha.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha makala katika jarida la Scientific Reports. Walipima muda ambao maji huchukua kufika nyuzi 0, wakapitia pia vipimo vya watu wengine waliotangulia, na hitimisho lao ni kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto hufika huko kabla ya ya baridi. Walionyesha tena kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kupata matokeo yanayofanana na athari ya Mpemba ilhali haipo.

Sisemi kwamba kijana yule alidanganya. Alichokiona alikiona. Ninachouliza ni kama alichokiona ni sheria ya maji au ni tabia ya jokofu moja la shule.

#13 Sauti ya Pwani

Nashukuru, Msomaji. Ndicho nilichokuwa nakitetea tangu #2.

#14 Kamusi Hai

Wapendwa, ninaona mabishano haya yana mzizi mmoja ambao haujaguswa, nao uko kwenye neno lenyewe. Katika Kiswahili, damu huganda, maziwa huganda, mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, na maji huganda. Maziwa mgando hayana hata chembe ya barafu. Tunaposema kitu kimeganda tunamaanisha kwamba kimeacha kutiririka, kimeshikana. Hatusemi chochote kuhusu nyuzi.

Sasa rudini kwenye posti zilizotangulia. Mkaa Jikoni alipima kuganda kwa kidole, kwamba kikipita basi bado. Hao Waingereza wa Msomaji walipima muda wa kufika nyuzi 0, na maji ya nyuzi 0 bado ni maji. Osborne alipima mwanzo wa kuganda. Shangazi anapima siku barafu inapotoka kikombeni ikiwa nzima na mteja akailamba bila kuchuruzika. Hayo ni mashindano manne yenye mistari minne ya kumalizia, na mkimbiaji anaweza kushinda moja akashindwa lingine. Kabla hamjaulizana nani ametangulia, semeni kwanza mnakimbilia wapi.

#15 Binti wa Ras Kazone

Kamusi Hai, hapo umetufungua macho. Nimekuwa nikisema "limeganda" maisha yangu yote bila kujua kwamba nimebeba maswali manne.

#16 Mwalimu wa Kidato

Hoja ya Kamusi Hai inaniongoza kwenye sababu ambayo nilikuwa nimeiweka kando. Maji safi yaliyotulia yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 na yakaendelea kuwa maji. Yanasubiri kitu cha kuanzia: chembe ya vumbi, mkwaruzo kwenye ukuta wa chombo, au mtikisiko. Bila shaka wengi wenu mmewahi kuisahau chupa ya soda kwenye friza. Mkaitoa ikiwa maji matupu, mkaifungua, na mbele ya macho yenu ikageuka theluji kuanzia shingoni hadi chini.

Ikiwa kikombe kimoja kitaanza kuganda kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na kingine kikangoja mpaka nyuzi 7 chini ya sifuri, basi cha kwanza kinaweza kutangulia hata kama kilianza kikiwa cha moto. David Auerbach aliliandikia jambo hili mwaka 1995. Tatizo ni kwamba hatua hiyo ya kuanzia ina bahati ndani yake, na ndiyo maana mtu mmoja anapata matokeo haya leo na kesho anayakosa.

#17 Mwana wa Muscat

Salamu kutoka Oman. Huku kwetu wakati wa kiangazi matangi ya maji yako juu ya mapaa, na maji yanayoitwa ya baridi bombani yanatoka ya moto kiasi cha kuunguza ngozi. Wengi tunazima hita ya maji miezi hiyo, ili maji yaliyokaa ndani ya nyumba ndiyo yawe ya baridi. Mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Zanzibar, hutengeneza malai, na husema kwamba ya miezi ya jua kali hushika upesi kuliko ya Januari. Nilidhani ni mapenzi yake kwa kiangazi. Baada ya kusoma uzi huu nitakaa naye jikoni na saa mkononi.

#18 Kalamu Nyeusi

Nimesoma zaidi tangu Mshambaa aliponirekebisha, nami naleta kitu. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba watu wanaotaka maji yapoe upesi huyaweka kwanza juani. Alitaja pia watu wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, waliokuwa wakivua samaki kwenye barafu, kwamba walimwagia maji ya moto kwenye matete yao ili yagande upesi na kuyashikilia. Francis Bacon mwaka 1620 aliandika kwamba maji yenye uvuguvugu huganda kwa urahisi kuliko ya baridi kabisa. René Descartes mwaka 1637 alisema jambo linalokaribiana na hilo kuhusu maji yaliyokaa motoni muda mrefu.

Je, ni haki liitwe kwa jina la Mpemba?

#19 Mshambaa Halisi

Ni haki kabisa. Hao wote waliandika, na vitabu vyao vilikuwepo kwenye maktaba siku ambayo kijana wa Magamba aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Kama maandishi ya Aristotle yangekuwa yametosha, mwalimu yule asingesema haiwezekani. Jambo lilirudi kwenye meza ya wanasayansi kwa sababu ya mvulana aliyeinua mkono mbele ya darasa linalomcheka.

#20 Fundi Majokofu

Wakati mnajadili majina, niseme neno kwa walio na friza nyumbani. Kikombe kimoja cha moto hakina madhara, ila sufuria zima la moto ni jambo lingine. Kompresa itafanya kazi mfululizo, nyama na samaki waliokwisha kuganda watalainika upande unaoelekea sufuria, na mvuke utakaopaa utaota kuwa ile barafu nyeupe niliyoitaja #9. Kwa hiyo mtu anayeweka moto kila siku anajitengenezea godoro, kisha anahitaji moto ili kuliyeyusha. Shangazi aangalie pia mita yake ya umeme wa LUKU.

#21 Msomaji wa Usiku

Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kueleza athari ya Mpemba kwa zawadi ya pauni 1,000, na majibu zaidi ya 22,000 yakafika. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb, Korasia, aliyefanya majaribio yake mwenyewe na kuipa uzito mizunguko ya maji pamoja na kule kushuka chini ya sifuri alikokueleza Mwalimu. Hata baada ya mshindi kutangazwa, mjadala haukufungwa. Mwaka 2013 watafiti wa Singapore walikuja na maelezo mengine kabisa, kuhusu namna vifungo kati ya molekuli za maji vinavyohifadhi nguvu na kuiachia. Wengi hawakuridhika nayo.

Nikiri upande wa pili pia. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo wenye joto zaidi unaweza, chini ya masharti fulani, kufika kwenye baridi kwa njia ya mkato ambayo mfumo wa vuguvugu hauipati. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, waliliona hilo kwa chembe moja ndogo ya kioo ndani ya maji, wakalirudia tena na tena. Kisha mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, wakaona jambo la aina hiyo kwa atomu chache zenye chaji. Kwa hiyo wazo la Mpemba limepata makazi imara kwenye vitu ambavyo havihusiani na friza, huku kikombe cha maji cha kawaida kikiendelea kutusumbua.

#22 Sauti ya Pwani

Hiyo habari ya njia ya mkato imenigusa. Ikiwa kuna njia ya mkato, basi mfano wangu wa barabara moja umeanguka, angalau kwa zile chembe. Kwa maji ya kikombe bado sijashawishika. Mkaa Jikoni, una uwezo wa kurudia jaribio juu ya ubao, ili kuondoa hoja ya Fundi, na kuchemsha maji yote mawili kisha moja lipozwe, ili kuondoa habari ya hewa?

#23 Mkaa Jikoni

Nimerudi baada ya siku tano, na naomba radhi kwa kuwaweka.

Nilifanya kama alivyoomba Sauti ya Pwani. Maji yote nilichemsha sufuria moja. Nusu niliyafunika yakapoa kutwa, nusu niliyachemsha tena usiku. Usiku wa kwanza na wa pili niliviweka vikombe moja kwa moja kwenye sakafu yenye barafu nyeupe: cha moto kilitangulia mara zote mbili, na vyote viwili viligoma kubanduka. Usiku wa tatu na wa nne niliweka ubao wa kukatia mboga chini yake: cha baridi kilitangulia, ingawa kwa tofauti ndogo. Nikadhani Fundi ameshinda.

Usiku wa tano, ubao ukiwa pale pale, nilifungua baada ya saa mbili. Cha moto kilikuwa na barafu juu. Cha baridi kilikuwa maji matupu, meupe, yametulia. Nilipokinyanyua ili nikitazame kwa karibu, kiligonga ukingo wa friza, na sindano za barafu zikatambaa kutoka ukutani mwa kikombe kuelekea katikati, taratibu, mpaka kikawa kama uji. Nilimwita shangazi aje kuona. Alisema hiyo ndiyo aliyokuwa akiiita kuzubaa.

#24 Mwalimu wa Kidato

Hilo neno la shangazi nitalipeleka darasani Jumatatu. Kwa miaka yote nimekuwa nikitafuta neno la Kiswahili la maji yaliyopita nyuzi 0 bila kuganda, na lilikuwa kwake.

#25 Kamusi Hai

Maji yaliyozubaa. Naliunga mkono.

#26 Binti wa Ras Kazone

Kabla hamjaondoka: tumejadili maji kwa posti zaidi ya 20, ilhali Mpemba hakuanza na maji. Alianza na maziwa yenye sukari. Na rudini #4 muone: yake yalikuwa yamechemshwa, ya mwenzake yalikuwa mabichi. Sukari iliyotiwa kwenye maziwa ya moto huyeyuka yote. Kwenye mabichi nyingine hutua chini. Maziwa yaliyochemka yamepoteza maji na yana utando wa juu. Hizo ni tofauti tatu au nne kabla hata jokofu halijafungwa, na shangazi naye anatumia ukwaju na sukari, si maji matupu.

#27 Mshambaa Halisi

Umesema kweli, Binti. Hapa Lushoto maziwa yanapatikana kila asubuhi. Nimeshaagiza lita 2 kwa mama mmoja jirani, na friji yangu ni ya zamani yenye trei za bati. Lita 1 nitaichemsha, nyingine nitaiacha kama ilivyo, sukari vijiko sawa. Fundi, niweke ubao au nisiweke?

#28 Fundi Majokofu

Usiweke. Magamba hawakuweka.